Wakubwa Kumi wa Ua Wetu, Kuanzia Mdogo

Kacyiru, hapa Kigali, ni mlima wa wakubwa. Wizara ziko huku, balozi ziko huku, makao makuu ya polisi yako huku, na Hospitali ya King Faisal iko hapo hapo kwa mkubwa atakayejisikia vibaya. Asubuhi ukisimama barabarani unapishana na magari yenye vioo vyeusi mpaka unajiuliza kama kandambili zako zina kibali. Lakini ukiteremka vichochoro vinavyoelekea Kinamba, ambako ng'ambo ya bonde unaiona Gisozi, madaraka yanabadilika mikono. Nyuma ya kuta kuna migomba, kuna banda la kuku, kuna mbwa amelala katikati ya njia, na amri zinatolewa na viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaapisha.

Tuko mwisho wa Impeshyi, kiangazi kirefu cha Rwanda kinachoanza Juni na kuburuta miguu hadi Septemba, Umuhindo unapoleta mvua. Ni wakati mzuri wa kujua nani ana nguvu nyumbani, maana mvua ikinyesha kila mtu anajifanya mkulima hodari.

Nimewapanga kutoka mwenye cheo kidogo hadi mwenye nyumba halisi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayekuja kila Jumapili kula na kukosoa, amepinga karibu kila nafasi. Mimi mtu wa Tanga, yeye wa Huye. Kwetu shemeji ni mtani, na kwao nako muramu hakosi la kusema, kwa hiyo hatuna refa. Mzee anayetutunzia bustani alipoombwa maoni alisema yeye hayumo kwenye siasa, akarudi kupalilia.

10. Nyasi

Ni pasparamu, kama za nusu ya Kigali. Mwezi Mei watu waliomba kuja kupigia picha za kipaimara juu yake. Sasa ni kahawia, na ukizikanyaga zinalia. Shemeji alifika getini, akavua kofia: "Poleni sana. Mazishi ni lini?"

Mzee hazimwagilii hata tone. Anasema mizizi iko hai na mvua mbili tu zitatosha kuzifufua, na mpaka hapo zisimsumbue. Waliobaki kuzijali ni kwarara, wale ndege wa mdomo mrefu wanaoamsha mlima mzima kabla jua halijatoka. Wanajua kila mahali mpira wa maji unapovuja, na wanadonoa hapo hapo. Kwa hiyo tuna mafundi bomba wanne wenye kelele, wasiotoza.

9. Vumbi

Jekundu. Liko kwenye majani ya migomba, kwenye shuka zilizoanikwa, kwenye sukari. Mbwa wetu ni mweupe kwa mujibu wa kadi yake ya chanjo. Daktari wa mifugo alimtazama, akaitazama kadi, akauliza kwa upole kama tumemleta mbwa wa jirani.

8. Sungura

Walinunuliwa kwa ajili ya kitoweo. Halafu watoto wakawapa majina, na biashara ikaishia hapo. Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno ya Wanyarwanda, siku chache tu kutoka Nane Nane ya kwetu, kwa hiyo katika nyumba hii wiki hiyo wakulima wanaheshimiwa mara mbili. Shemeji alishauri sungura mmoja ashiriki sherehe akiwa ndani ya sufuria. Watoto walimtazama mpaka akaomba radhi, kwa majina ya sungura wote.

"Mnyama mwenye jina haliwi," alikiri baadaye. "Ndiyo maana mimi sijawahi kukuuliza jina la kuku."

Cheo chao kinatokana na mkojo. Mzee ameweka karatasi ya bati iliyoinama chini ya banda, mkojo unatiririka hadi kwenye dumu, naye huuzimua kwa maji mengi na kunyunyizia mboga: ni mbolea, na wadudu wengi hawaupendi. Wageni pia hawaupendi. Tuna shangazi aliyekuwa akikaa hadi usiku; tangu dumu lianze kazi, anaondoka na jua.

7. Paka

Hakuna aliyemleta. Alikuja, akakagua, akabaki. Mwezi huu ameamua kwamba mahali pekee penye ubaridi wa kutosha kwa mtu wa hadhi yake ni kitalu cha miche, kwa kuwa udongo wake unamwagiwa kila jioni. Mzee alipanda nyanya, zikaota, paka akazilalia. Akapanda tena, akazungushia matawi ya bogenvilia yenye miiba. Paka akayachunguza, akaingia kwa upande ambao Mzee mwenyewe huingilia.

Kazini hujitahidi kiasi: mara moja moja anamwacha panya mlangoni, ili mshahara usisimamishwe. Shemeji alitaka apande hadi nafasi ya nne. Nilimuuliza kwa sifa gani. "Ndiye pekee katika nyumba hii," alisema, "anayekula bila kuulizwa atarudi kwake saa ngapi."

6. Umuganda

Ni kazi ya pamoja ya kila mwezi, na najua, si mnyama wala mmea. Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, hakuna kitu kwenye ua huu chenye nguvu zaidi. Maduka yanafungwa, barabara zinanyamaza, na kila mwenye umri kati ya miaka 18 na 65 anatarajiwa kutoka na jembe. Sheria inayouongoza ilitungwa 2007, ila anayenitoa mimi nyumbani si sheria, ni mwenyekiti wa umudugudu, yaani mtaa wetu, anayejua dirisha la chumba changu.

Umuganda wa Agosti ndio wenye maana kwa mtu wa bustani, kwa sababu mitaro huzibuliwa kabla ya Umuhindo. Kigali ni milima. Maji ya juu lazima yapite kwa wa chini, na asiyezibua mtaro wake anapanga kumwogesha jirani. Wakati wa kuchimba ndipo unapojua hali za watu: nani maharage yake yamekauka, nani anamwagilia maua usiku akidhani hatumwoni, nani amepata samadi na hasemi kaipata wapi. Baada ya kazi kuna kikao. Ajenda rasmi ni usafi na usalama. Ajenda yenyewe ni samadi.

Jembe langu likiazimwa siku hiyo linarudi na mpini mwingine. Silalamiki, safari iliyopita lilirudi na mpini mzuri zaidi.

5. Kuku

Kuku wa Kacyiru wanaishi wakitazama juu. Anga ya Kigali haikosi mwewe, wanaozunguka polepole juu ya mlima, na kifaranga anayechelewa kukimbilia chini ya mparachichi hana uzee. Tetea wetu mkubwa, mweusi, ana mlio maalum wa hatari ambao hata mbwa huutii. Mume wangu naye aliwahi kuutii, akiwa na sahani mkononi.

Lakini wamepanda hadi nafasi hii kwa sababu ya utabiri. Kuna kichuguu kidogo kwenye kona ya ukuta ambacho Mzee haruhusu kivunjwe. Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, kumbikumbi hutoka humo kwa maelfu na kukimbilia taa ya kibarazani, na kwa saa moja hivi ua mzima unakula sahani moja: kuku, mbwa, paka, mijusi ukutani. Basi kuku wameanza kukizunguka tangu wiki iliyopita. Hakuna wingu hata moja. Nikamwambia Shemeji mvua i karibu, kuku wamesema.

"Ninyi Watanzania," alisema, "mnangoja kumbikumbi kwa faida ya kuku au yenu? Nasikia mnakula kila kinachoruka isipokuwa ndege ya abiria."

Nikamwambia hao anaowasema ni Wahaya na senene wao, kule Bukoba, karibu na mpaka wenu. Tanga tunakula samaki.

"Wahaya ni majirani zetu," alisema. "Hao sitawasema vibaya. Nakusema wewe."

4. Mbwa

Ajira yake ni ulinzi. Tatizo ni kwamba anaishi mtaa mmoja na makao makuu ya polisi, kuna ubalozi kila ukigeuka, na mwizi mwenye akili timamu anachagua mlima mwingine. Matokeo yake mbwa huyu amekaa miaka bila kesi. Mlinzi wetu wa usiku humbwekea yeye, kumwamsha.

Kazi aliyojitafutia ni parachichi. Mti wetu unadondosha matunda juu ya bati usiku wa manane, kwa kishindo ambacho mgeni hudhani ni tetemeko. Kabla hujavaa kandambili, mbwa ameshafika, ameshamenya, anakula. Manyoya yake yanang'aa kupita nywele zangu, pamoja na mafuta yote ninayonunua. Daktari anasema tuokote kokwa mapema, maana mbwa akimeza inaweza kumziba tumbo. Kwa hiyo saa nane usiku mlinzi na mbwa wanashindana kukimbia gizani, na ndilo zoezi pekee la usalama tulilonalo.

Hatembei mtaani bila kamba, na chanjo ya kichaa cha mbwa anapata kila mwaka. Kwenda kuchanjwa huenda akiwa mbwa. Hurudi akiwa mjane: analala chini, anakataa chakula, anataka watu waje kumwona.

"Mpunguzie parachichi," alisema Shemeji.

"Anakula chache kuliko wewe."

"Mimi nina kazi."

3. Korongo ambaye hayupo

Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Watu wenye bustani kubwa jijini waliwahi kufuga korongo taji, ambaye Wanyarwanda wanamwita umusambi: ndege mrefu wa kijivu, shavu jeupe, kilemba cha manyoya ya dhahabu kichwani. Hoteli zilikuwa nao, nyumba za wenye uwezo zilikuwa nao, wakitembea kwenye nyasi kwa ule mwendo wa mtu anayekagua gwaride. Wengi waliamini huleta bahati nyumbani. Uganda jirani imemweka kwenye bendera. Sisi huku tulimweka karibu na bwawa la kuogelea.

Ili asiruke alikatwa manyoya ya mbawa, na wengine walivunjwa mbawa kabisa. Hawa ni ndege wa madimbwi na nyasi ndefu, wanaochagua mwenza mmoja na kulea naye. Kwenye ua wa saruji, wakilishwa mahindi, karibu hawazai. Wanapendeza tu mpaka wanakufa, kisha anatafutwa mwingine kinamasini. Ndivyo porini walivyozidi kupungua, huku mabonde nako yakigeuzwa mashamba.

Mwaka 2014 daktari wa wanyamapori Olivier Nsengimana, aliyekuwa akitibu sokwe wa milimani, alianza kampeni iliyozaa RWCA, shirika la kuhifadhi wanyamapori. Alichofanya ni cha kijanja na cha adabu. Hakuja na pingu. Wafugaji waliombwa kupitia redio wajitokeze wasajili ndege wao, bila kuadhibiwa. Ndege akavishwa pete mguuni, akapimwa afya, na aliyefaa akapelekwa Hifadhi ya Akagera kujifunza upya kuwa korongo. Zaidi ya 200 walitoka kwenye bustani za watu. Wale ambao mbawa zao hazitapona walitengewa Umusambi Village, eneo la hekta 21 pembezoni mwa Kigali, ambako kinamasi kilichokuwa kimeharibika kimerudishiwa uhai na unaweza kwenda kuwaona kwa kiingilio. Sensa ya nchi nzima ya 2017 ilihesabu korongo 487 porini. Hesabu za miaka hii zimevuka 1,000.

Nimempa nafasi ya tatu kwa sababu bado anatawala mazungumzo ya ukutani. Bibi wa nyumba ya juu yetu alikuwa naye mmoja, na hadi leo akitazama nyasi zake hutaja mahali ndege alipokuwa akisimama. Hajutii kumtoa. Anachosema ni kwamba konokono wameongezeka.

Watoto wamewahi kuuliza kama tunaweza kufuga mmoja, mdogo. Shemeji, ambaye kwa kawaida hutetea lolote linaloniudhi, aliweka kijiko chini. Akawaambia kwamba mfalme hafugwi, anatembelewa. Kisha akawapeleka Umusambi Village kwa gharama yake, jambo ambalo kwa mtu niliyeolewa kwao ni la kuandikwa kwenye kumbukumbu za taifa. Walirudi wakisema korongo mmoja alicheza, akainua mbawa na kuruka ruka mbele ya mwenzake. Shemeji aliwaonyesha ilivyokuwa. Kuku walikimbilia chini ya mparachichi.

2. Tangi la maji

Jeusi, liko juu ya nguzo nyuma ya jiko, na mwezi wa Agosti ndilo linaloamua nani aoge saa ngapi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji husafishwa Nzove, kando ya mto Nyabarongo, chini bondeni, halafu hupandishwa hadi huku juu. Maji yanayopanda mlima lazima yaheshimiwe. Kila jioni mume wangu huligonga tangi kwa kidole cha kati, sikio limebandikwa, uso umekunjamana. Daktari wa kifua hamsikilizi mgonjwa kwa uchungu ule.

Mzee ndiye katibu wake. Kanuni zake hazijaandikwa, ila anazijua kila mtu. Maji ya bomba ni ya miche na bustani ya jikoni peke yake, tena baada ya saa kumi na moja jioni, jua likishapoa. Maji ya kuosha mchele ni ya pilipili. Maji ya vyombo yanaenda kwenye migomba kwa mfereji aliouchimba mwenyewe. Maji ya kuoga ya watoto ni ya maua, na kama sabuni imezidi, maua yatasema. Gari halioshwi. Gari lina vumbi kiasi kwamba mtoto mmoja aliandika juu yake barua kwa bibi yake wa Tanga, na ikatosha.

Bustani ya jikoni yenyewe ni ile ya duara, ngazi juu ya ngazi, inayoitwa akarima k'igikoni na ambayo serikali imeihimiza kwa miaka mingi kila nyumba iwe nayo. Katikati kuna shimo la taka za jikoni na samadi. Maji yakimwagwa hapo yanateremka na rutuba hadi ngazi za chini. Tumefunika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu (namba 10 ina faida baada ya kifo), na chini yake ukipenyeza kidole unakuta unyevu asubuhi ya pili. Mchicha, ambao hapa ni dodo, umekubali. Vitunguu majani vimekubali. Nyanya chungu zinazaa kwa hasira. Bamia niliyoleta mbegu kutoka Tanga imekaa urefu wa kidole tangu Juni. Usiku wa huku, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, unaiogopesha.

"Ivalishe sweta," alishauri Shemeji. "Wewe mwenyewe ulikaa hivyo hivyo mwaka wako wa kwanza."

1. Boga

Hakuna aliyelipanda. Mbegu ilitoka jikoni na ukoko wa sufuria, ikafuata mfereji wa maji ya vyombo, ikakuta mahali pazuri nyuma ya migomba, ikaanza maisha. Hatukulimwagilia, hatukulitilia samadi, na wakati kila kitu kinanyauka lenyewe limetoa majani mapana kama sinia. Majani machanga tumeyala miezi miwili. Limepita juu ya kamba ya nguo, likalazimisha nguo zihamie upande mwingine. Limepanda banda la sungura, ambao wanalila kutokea chini bila kupunguza kitu. Mbwa halali tena kwenye kona yake. Hata paka hukwepa.

Mwishoni mwa Julai lilivuka ukuta.

Na huko ng'ambo, kwa jirani, baada ya kunitolea maua dume tu upande wangu, likazaa. Moja, kubwa, la kijani lenye michirizi, linaning'inia usawa wa dirisha lake la jiko. Jirani, mtu muungwana, alilifungia kikapu cha kamba lisianguke, akanitumia picha: "Mwanetu anaendeleaje huko upande wa mizizi?"

Hapo kesi ikaanza. Mimi nilidai mbegu, mizizi na maji ya vyombo. Jirani alidai ukuta, jua, kikapu na ulinzi. Mzee, aliyekuwa hayumo kwenye siasa, akaulizwa. Akasema kwao Gicumbi mwenye shina hula majani na mwenye ardhi hula tunda, halafu akakumbuka kazi bondeni. Shemeji akajipa uwakili bila kuombwa. Alisema Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, kwa hiyo boga lina haki ya kuvuka mpaka bila ushuru, mradi mimi niwe na cheti cha uasilia. Nikamwonyesha mfereji. Jirani akajibu kwamba mali ghafi ilitoka kwangu, lakini thamani imeongezwa kwake.

Nikaona sasa nitumie silaha ya pwani. Nikamwandikia kwamba boga la aina ile likipikwa kwa nazi, na iliki kidogo, na sukari kiasi, mtu husahau alikuwa anagombana na nani. Na kwamba nazi zipo sokoni, zimekuja kwa lori kutoka kwetu, na mtu wa kuzikuna vizuri mlima huu ni mmoja.

Alinyamaza siku mbili. Leo asubuhi jibu limekuja, na picha ya boga likiwa limekatwa kwenye kikonyo, limekaa juu ya meza yake: "Limekomaa. Njooni Jumapili na nazi. Shemeji yako anaweza kubaki nyumbani na mbwa."

Nimemsomea Shemeji ujumbe wote. Kiswahili ni lugha rasmi nchini kwake tangu 2017, na hutumia hicho hicho kunitukania bamia, lakini sentensi ya mwisho amesema hajaielewa.